Ndoto za sekondari zinaporudi ukubwani: Utafiti wa miaka zaidi ya 50 unavyosema kuhusu kazi, familia na afya

Mara nyingi huanza na picha. Mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja anarusha picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: wasichana wamepanga mistari mitatu mbele ya darasa, soksi zimevutwa hadi magotini, mwalimu wa darasa amekaa katikati kwenye kiti. Chini yake ameandika, "Nani anajitambua hapa?"

Kuanzia hapo simu haitulii. Mmoja amestaafu ualimu mkuu. Mwingine ni daktari, yuko Mwanza. Watatu wametangulia mbele za haki, na kundi zima linatuma alama za mikono ya sala. Kisha linakuja swali ambalo halikwepeki: "Na wewe mwenzetu, siku hizi unafanya nini?"

Mfikirie mama mmoja aliye kwenye kundi kama hilo. Alimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya 1980 na leo anakaribia miaka 60. Darasani alikuwa hatoki kwenye watano bora, na alitaka kuwa daktari. Matokeo yalipotoka, nyumbani baba alikuwa ameshafariki na nyuma yake kulikuwa na wadogo wanne. Ndugu wakakaa kikao, ikaamuliwa aanze kazi. Miaka miwili baadaye akaolewa. Amezaa na kulea watoto wanne, ameuza vitumbua, kisha vitenge, na binti yake wa pili ni mfamasia.

Kwa macho ya jirani, mama huyu amefanikiwa. Lakini swali lile limemkalia tangu jana. Anaandika jibu, anafuta. Anaandika tena, anafuta.

Hana haja ya jina, kwa sababu karibu kila ukoo una mtu wa namna yake. Wapo pia akina baba waliotaka urubani wakaishia karani, waliopunguzwa kazini katika miaka ya 1990 na ambao hadi leo hawapendi kuulizwa habari za kazi.

Swali ni je, ndoto iliyobaki njiani ina madhara kwa afya miaka 30 au 40 baadaye? Au ni hisia za kupita tu, zinazoamshwa na picha ya zamani?

Wahitimu wa mwaka 1957

Kwa bahati nzuri, wapo watafiti waliolifuatilia jambo hili kwa uvumilivu wa aina yake. Mwaka 1957, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, wanafunzi waliokuwa wanamaliza sekondari waliulizwa kuhusu mipango yao ya maisha. Baadaye theluthi moja ya wahitimu hao, yaani vijana 10,317 wa kike na wa kiume, ilichaguliwa kwa ajili ya kufuatiliwa.

Mwanasosholojia William Sewell wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ndiye aliyeichukua kazi hiyo katika miaka ya 1960, na baadaye akaungana naye Robert Hauser. Mwaka 1964 wazazi wa vijana hao waliulizwa kwa barua watoto wao wamefikia wapi. Mwaka 1975, wahitimu wakiwa na umri wa miaka 35 hivi, walihojiwa wenyewe kwa simu. Wakaulizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipopita miaka 50, tena mwaka 2004 walipokuwa wanastaafu, na tena kuanzia mwaka 2011 wakiwa wameingia miaka ya 70.

Kwa hiyo watafiti hawakutegemea kumbukumbu za wazee, ambazo mara nyingi hupambwa au hupakwa matope na muda. Walikuwa na maneno ya mtu huyohuyo akiwa kijana, akiwa mzazi wa watoto wadogo na akiwa babu au bibi.

Ni kweli kwamba utafiti huu una mipaka yake. Karibu washiriki wote ni Wazungu, na wote walimaliza sekondari. Huwezi kuuchukua mzimamzima ukauvika Tabora au Tanga. Hata hivyo, maswali yaliyoulizwa ni yaleyale yanayoulizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa nyumbani.

Uwezo darasani haukutosha

Moja ya mambo ya kwanza kugunduliwa ni kwamba akili za darasani pekee hazikuamua nani aende chuo. Hali ya kipato ya nyumbani ilikuwa na nguvu, na vilevile maneno ya watu wa karibu: mzazi aliyesisitiza, mwalimu aliyetia moyo, rafiki ambaye naye alikuwa anajiandaa kwenda chuo. Kijana aliyepata watu hao watatu alikuwa na ndoto kubwa zaidi, na ndoto hiyo ilimvuta mbele.

Kwa wasichana, mambo yalikuwa magumu zaidi. Uchambuzi wa Sewell na mwenzake, uliochapishwa mwaka 1967, ulionyesha kuwa kwa wavulana uwezo wa akili ulikuwa na uzito mkubwa kuliko hali ya nyumbani katika suala la kuendelea na masomo. Kwa wasichana ilikuwa kinyume, hali ya nyumbani ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa lugha nyepesi, mvulana mwenye akili wa familia ya kawaida alikuwa na njia. Dada yake mwenye akili zilezile alihitaji pia mfuko wa baba.

Msomaji wa Tanzania hawezi kushangaa. Hadi mwaka 1984, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huo ndipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa kule Morogoro. Nafasi zilikuwa chache mno, na familia yenye watoto wengi ililazimika kuchagua nani asome.

Kabla ya hapo, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kwa wasichana wengi, kipindi hicho cha katikati ndicho kilicholeta ndoa na watoto. Idadi yao chuoni ikashuka, na muda mfupi baadaye wanawake wakaondolewa sharti hilo.

Haya yanafaa kukumbukwa na mama anayejilaumu kwamba "sikufika popote". Mlango aliousukuma ulikuwa mzito, na wengi waliousukuma pamoja naye hawakupita.

Ndoto isipotimia

Mwaka 1997, mwanasosholojia Deborah Carr alichapisha uchambuzi wa taarifa za wanawake wa kundi hilo la Wisconsin. Alilinganisha kazi walizotamani kufikia walipokuwa na miaka 35 hivi na kazi walizokuwa nazo walipofika miaka ya 50 mwanzoni.

Wanawake ambao hawakufikia malengo yao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, na walijiona kuwa na kusudi dogo zaidi katika maisha. Hali hiyo ilionekana hata baada ya kuzingatia tofauti za elimu, afya na familia walizokuwa nazo.

Hapa tahadhari inahitajika. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kukosa cheo ndiko kulikoleta sonona. Lakini unaonyesha kuwa pengo kati ya alichotaka mtu na alichopata haliishi kwa sababu tu miaka imepita, wala halizibwi moja kwa moja na watoto waliofanikiwa. Mama anayesema ana furaha na watoto wake na papo hapo akawa na huzuni juu yake mwenyewe hajichanganyi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Jambo jingine la kutazama ni umri wenyewe. Miaka ya 45 hadi 55 ndiyo wanawake wengi hukoma hedhi, na mabadiliko ya homoni huweza kuvuruga usingizi na hisia. Ndiyo miaka ambayo watoto wanaondoka nyumbani, wazazi wanaanza kuugua, na kwa watumishi wengi wa umma nchini kustaafu kunakaribia: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Mizigo hii yote ikikutana, picha ya shule ya zamani inaweza kuwa tone linalofurisha ndoo.

Binti ana kazi, mama alilea

Baadaye Carr aliangalia jambo lingine linalogusa familia nyingi: mama anapomwona binti yake amefika pale ambapo yeye hakufika, anajisikiaje? Je, anaona wivu? Anajidharau?

Mwaka 2004 alichapisha matokeo, yakiwemo mazungumzo marefu na baadhi ya wanawake wa Wisconsin. Wengi walikiri kuwa mabinti zao wamewazidi kikazi, lakini hilo halikuwashushia heshima yao mbele ya nafsi zao. Sababu ni namna walivyolieleza. Hawakusema "binti yangu ana akili kuliko mimi". Walisema nyakati zimebadilika na milango imefunguka.

Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Walipomaliza shule mwaka 1957, Marekani ilikuwa katika kilele cha ongezeko la watoto baada ya vita, na watoto wapatao milioni 4.3 walizaliwa mwaka huo mmoja. Msichana alitarajiwa kuolewa mapema na kulea. Sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kwenye ajira ilikuja mwaka 1964, na ile ya elimu mwaka 1972. Mabinti zao walikulia upande wa pili wa sheria hizo.

Hapa nchini nako milango imekuwa ikifunguka kidogo kidogo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikawapa nafasi watu wazima wenye kazi na familia kusoma bila kuhama nyumbani. Mwaka 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2 unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Wapo mama wengi wa miaka 50 na 60 leo ambao waraka kama huo ungebadilisha maisha yao yote.

Kwa hiyo mzazi anapomwambia mwanawe "mimi sikupata nafasi kama yako", kauli hiyo inaweza kuwa dawa au sumu, kutegemea inavyosemwa. Ikisemwa kama historia, inampa mtoto heshima kwa mzazi na inampunguzia mzazi lawama. Ikisemwa kama deni, mtoto anaishi maisha ya watu wawili: yake na yale ambayo mama hakuyaishi.

Familia zilizobeba mizigo mizito

Kundi hilo la Wisconsin lilikuwa pia na wazazi wenye watoto waliozaliwa na ulemavu wa ukuaji, na wengine ambao watoto wao walipata matatizo makubwa ya afya ya akili. Watafiti wakiongozwa na Marsha Seltzer walichapisha matokeo yao kuhusu wazazi hao mwaka 2001.

Wazazi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji walikuwa wamelipa gharama kwenye ajira na hata katika kushiriki shughuli za kijamii. Lakini walipofika miaka ya 50, hali yao ya kisaikolojia haikutofautiana sana na ya wenzao. Walikuwa wamezoea na kupanga maisha upya.

Wazazi ambao watoto wao waliugua akili walikuwa na hali tofauti. Wao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na maumivu ya mwili. Ujumbe kwa familia uko wazi: mama anayemuuguza kijana mwenye tatizo la akili naye anahitaji kuangaliwa. Asisubiriwe mpaka aanguke.

Kinachosaidia miaka ya baadaye

Habari njema ni kwamba maisha hayafungwi na kilichotokea ukiwa na miaka 18, wala 35.

Mwaka 2012, watafiti waliotumia taarifa za wahitimu haohao walichapisha matokeo kuhusu kazi za kujitolea. Wale waliojitolea kwa ajili ya kuwasaidia wengine walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika miaka minne iliyofuata, wakilinganishwa na wasiojitolea. Waliojitolea hasa kwa manufaa yao wenyewe hawakuwa na tofauti na wale wasiojitolea kabisa. Kwa mazingira yetu, kujitolea hakuhitaji ofisi: ni kumsimamia mtoto wa jirani kwenye masomo, ni kuwa mhasibu wa kikoba, ni kushinda na mgonjwa wa nyumba ya pili.

Kurudi kusoma nako bado kunawezekana. Mfano unaofahamika zaidi nchini ni wa Rais Samia Suluhu Hassan. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akaanza kazi ya ukarani na kuolewa mwaka 1978. Masomo ya utawala pale Mzumbe aliyamaliza mwaka 1986, akasoma uchumi Manchester nchini Uingereza katika miaka ya 1990, na shahada ya uzamili aliipata mwaka 2015 kupitia Chuo Kikuu Huria kwa ushirikiano na chuo cha Marekani. Alikuwa mama wa watoto wanne. Si kila mtu atakuwa rais, na haitakiwi. Kinachofaa kuangaliwa ni ule mwendo wa kusoma vipande vipande, katikati ya kazi na malezi.

Kwa asiyetaka tena vyeti, lipo la kufanya. Aliyetaka udaktari anaweza kuwa mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwake. Aliyetaka ualimu anaweza kuwafundisha wajukuu kusoma. Ukiangalia vizuri, chini ya jina la kazi mara nyingi kuna hamu ya jambo fulani, kama kuponya, kufundisha, kujenga au kuongoza. Kazi inaweza kukosekana, hamu hiyo bado ikatafutiwa njia.

Lini uende hospitali

Kukumbuka ya zamani kwa huzuni kidogo ni jambo la kawaida. Lakini ipo mipaka. Ukiona dalili hizi kwako au kwa mzazi wako karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu:

- Huzuni isiyoisha, au kukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda.
- Usingizi kukatika usiku, au kulala kupita kiasi.
- Kukosa hamu ya kula, au kula sana kuliko kawaida.
- Uchovu usio na sababu, kushindwa kutulia au kufuatilia jambo.
- Kujilaumu na kujiona mzigo kwa wengine.
- Mawazo ya kutaka kufa. Hapa usisubiri wiki mbili, wala usimwache mtu huyo peke yake. Mpeleke siku hiyohiyo.

Watu wazima wengi hawasemi "nina huzuni". Husema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unaenda mbio. Ni vizuri wapimwe shinikizo la damu na sukari, lakini wakipimwa na kuonekana wazima huku maumivu yanaendelea, waulizwe pia kuhusu mawazo yao. Sonona inatibika, kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Kwa watoto wakubwa, msaada wa kwanza ni kuuliza na kusikiliza. "Mama, ulitaka kuwa nani ulipokuwa shule?" Swali hilo wengi hawajawahi kuwauliza wazazi wao. Usikimbilie kumfariji kwa kusema "lakini si una sisi?" Mwache amalize kwanza.

Jibu kwenye kundi

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ila ndwele isiyotajwa haigangiki. Watu wengi wanaonyamaza kwenye makundi ya shule hawakushindwa maisha. Hawana tu namna ya kuyaeleza kwa mstari mmoja, kama anavyoweza aliyestaafu na cheo.

Mama wa mfano wetu anaweza kuandika hivi: nilitaka udaktari, haikuwezekana, baba alifariki na wadogo zangu walikuwa wanne, wote wamesoma, nimelea wanne wa kwangu, nauza vitenge na ndiye mweka hazina wa kikundi chetu. Hapo hajadanganya, hajajisifu na hajajitukana.

Na akishatuma, asishangae simu ikilia faragha. Kuna uwezekano mkubwa ikawa ni yule daktari wa Mwanza, anayetaka kusimulia alichokosa yeye.